Transmita Moja Inatosha

Jumamosi, 4 Januari

Tumepewa uwanja, kwa sharti. Naliandika sharti lenyewe leo hii, maana Tobias ameniambia "tutakumbuka tu, Fundi," na Tobias hukumbuka anachokipenda.

Ofisi ya kamati ya malisho kule Taru ni kontena lililotobolewa madirisha mawili. Ndani mlikuwa na joto la kuivisha mkate. Mwenyekiti wao, mzee Sanga, hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Alitukumbusha kwamba mwaka jana roketi yetu ilipotea porini na parachuti lake, kitambaa cha nailoni cha rangi ya machungwa. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, Mwinga, alikitafuna kipande, tumbo likamvimba, akafa. Tulimfidia Mwinga. "Lakini fidia haitoi maziwa," akasema Sanga.

Sharti: msimu huu tutarusha mara moja tu, kabla ya mvua, wakati ng'ombe wako upande wa pili wa reli. Kisha tutakuja mbele ya kamati na kila kilichopanda. Pua, bomba, kamba, kitambaa. "Kikirudi chote, uwanja ni wenu. Kikipungua kimoja, msirudi hapa hata kwa salamu."

Watu huniambia si mtafute pengine. Wapi? Ukunda kuna ndege, Shimba kuna hifadhi, Msambweni ni miwa na minazi na nyumba za watu, mashariki ni maji. Kibali cha serikali kimetaja uwanja mmoja tu katika Kwale nzima, nao ni ule wa Taru. Ukifungwa, klabu imekwisha. Klabu niliyoianzisha mimi, kwenye meza ya duka langu la kutengeneza redio hapa Ukunda, kabla Tobias hajafika Pwani na cheti chake cha chuo. Kwenye kibali mwenyekiti ni Tobias. Kwa sababu ya cheti.

Jumanne, 7 Januari

Redio nne za walinzi wa hoteli moja ya Diani. Zote zimeingia maji ya chumvi, zote eti "zimejizima zenyewe." Mlinzi aliyezileta akauliza fundi mwenyewe atarudi saa ngapi. Nikamwambia fundi mwenyewe ndiye aliyeshika bisibisi.

Jumapili, 12 Januari

Tumekaa dukani mimi na Tobias kuchagua transmita. Wenzetu wanne wengine wa klabu hukubali lolote tutakaloamua, mradi wakaribishwe siku ya kurusha.

Kurusha si tatizo. Tatizo ni kupata. Roketi yetu ina urefu wa mita moja na sentimita sitini na uzito wa gramu elfu moja mia nane na arobaini. Ikipanda mita mia tisa na upepo ukiwa wa kawaida, itaelea na kutua karibu kilomita nzima kutoka tuliposimama, katikati ya miiba ambayo mtu haoni mbele wala nyuma. Lazima iwe na kitu ndani kinachoita.

Tuna vitatu mezani. Cha kwanza ni traka ya bodaboda, ile ya kutiwa laini ya simu. Hiyo hukutumia ujumbe kukuambia ilipo. Cha pili ni cha Tobias, kina GPS na hutuma mahali kilipo kwa mawimbi ya redio, namba zikatokea kwenye simu yako. Cha tatu ni changu. Nimekitengeneza mwenyewe, gramu kumi na moja na betri yake. Hakijui kilipo, hakina akili yoyote. Hupiga "pip" tu, na mimi nikiwa na antena yangu ya mikono mitano na visikizio masikioni, hufuata "pip" hiyo hadi nikanyage roketi.

Tobias akakigeuza geuza. "Fundi, hii kitu ni poa, lakini ni ya kitambo sana."

Nikamwambia hata jua ni la kitambo.

Jumamosi, 18 Januari

Traka ya bodaboda imekufa kifo cha aibu. Tulikwenda nayo Taru kuijaribu. Kandokando ya barabara kuu, sawa. Tukashuka nayo bondeni, kimya. Tulikuwa tumerudi hadi Samburu tunakunywa chai ndipo ujumbe ukaingia: "Pikipiki yako imesimama."

Tobias alicheka hadi chai ikampalia. Nami nilicheka. Naandika hivyo kwa haki.

Jumapili, 26 Januari

Gazi, kwetu. Tumejaribu zilizobaki mikokoni, mahali pagumu kuliko porini. Mdogo wangu Twaiba alizificha. Twaiba ndiye anayetushonea maparachuti, na hutuona wote wawili wendawazimu.

Ya Tobias ilisoma vizuri mno ikiwa imeinuliwa juu. Ikilala chini, antena imebanwa na mizizi, baada ya mita mia tatu ikanyamaza. "Lakini pahali ya mwisho iliongea tunayo," akasema. Kweli alikuwa nayo.

Yangu niliisikia toka barabarani. Nikaifuata hadi nikaitoa chini ya mzizi, na kaa juu yake.

"Dada Mwanasha, huyo kaa naye anarushwa?" akauliza Twaiba.

Betri ya Tobias haimalizi siku mbili. Yangu hudumu siku tisa. Nimeyaandika yote kwenye karatasi na kuyabandika ukutani.

Jumapili, 2 Februari

Ugomvi. Nauandika kama ulivyokuwa.

Tobias alisema, "Si tueke tu zote mbili? Yako kwa pua, yangu huku chini kwa bomba. Ikikatika katikati, kila upande uko na sauti yake."

Nikamwonyesha hesabu. Transmita yake na betri yake ni gramu sitini na mbili. Ukiziweka nyuma, uzito unarudi nyuma na roketi itayumba. Ili isiyumbe lazima nitie gramu tisini za madini ya risasi puani. Jumla, tunapoteza mita kama sabini za kwenda juu.

"Sabini ni kitu gani, Fundi? Tuko na mia tisa."

"Ni sabini nilizozifanyia kazi."

"Na kamba ya kushikanisha pua na bomba ikikatika?"

"Kamba nimeichagua mimi. Haikatiki."

Akasema haya, wewe ndiye fundi. Alivyolitamka lile "fundi" sikulipenda. Nikampa jibu nililokuwa nimelibeba toka Januari: "Transmita moja inatosha."

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Naikagua tena hapa usiku huu, na ni sahihi.

Jumatano, 12 Februari

Nimepaka roketi rangi. Kila kitu nimetengeneza viwili kama kawaida yangu, mabomba mawili, maparachuti mawili. Mtu asiye na tajiri nyuma yake hutengeneza viwili.

Jumamosi, 22 Februari

Tumerusha.

Sanga alikuja na kiti chake na watu wa kamati. Tobias alihesabu kurudi nyuma kwa sauti ya mhubiri. Moto, mlio wa kupasua turubai, na mlingoti mtupu wa kurushia umebaki umesimama peke yake. Nina miaka arobaini na mmoja, shule niliiacha darasa la saba, kazi nimejifunza kwa mtu aliyekuwa akinipa mgongo kila aliposhika kitu cha maana nisione. Roketi inapoondoka chini, kwa pumzi kama tatu hivi, huwa sina wa kumlaumu.

Ilipofika juu niliona wingu dogo la moshi wa kufungua parachuti. Jua lilikuwa pale pale.

"Nimeona mbili," akasema Tobias. "Vitu viwili vimeshuka. Moja huku, moja kule."

"Umeona jua."

"Fundi, nimeona mbili."

Nikavaa visikizio, nikageuza antena. Pip. Pip. Safi kabisa, upande wa reli. Nikamwambia kitu kimoja kinaita, kitu kimoja kimeshuka, twende.

Tulikwenda. Sauti ikakua. Tukavuka korongo, tukapita boma moja lenye ua wa miiba na mbuzi, sauti ikawa kubwa hadi nikapunguza. Kisha ikakatika. Si kufifia, kukatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikazunguka na antena huku na huku hadi jua likazama. Kitu hakuna.

Tobias alisema, "Tuulize hapo kwa boma."

"Watajua nini? Tuna chombo."

Jumapili, 23 Februari

Tumerudi asubuhi. Mara moja nilisikia pip mbili hafifu karibu na boma lile lile, kisha kimya. Nimezunguka hadi viatu vimetoboka kwa miiba. Nimefungua kipokezi, nimeunganisha upya waya wa antena. Kipokezi ni kizima.

Jumanne, 25 Februari

Joto. Sikufungua duka.

Alhamisi, 27 Februari

Twaiba amepiga simu. "Umeipata?" Nikasema karibu.

Jumamosi, 1 Machi

Betri ina siku chache tu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, visikizio masikioni, nikipita kando ya ua wa boma lile. Tobias akanigusa bega. Sikujua hata alikuwa ameniacha saa ngapi. Nikavua visikizio.

"Kuja," akasema. "Kuna mtu anataka kukusalimia."

Mama mwenye boma alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Jina lake Kadzo. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Kumbe unasema." Akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu vyangu vilivyotoboka. "Mwanangu, ni mara ya tatu hii wapita mlangoni pangu na huo uchaga wako wa kukaushia samaki, masikio umeyaziba. Hodi hupigi. Salamu hutoi. Siku ya kwanza nilikupungia mkono, ukanielekezea hilo dude lako, ukaenda."

Nikaishusha antena.

"Nikadhani wapima ardhi. Maana wapima ardhi ndio hupita hivyo, wakichungulia vyuma. Hao ukiwaita unajiitia balaa. Nikawaambia watoto, kaeni ndani. Leo huyu kijana wa bara ndiye aliyebisha hodi akaomba maji."

Akatuingiza jikoni. Kwenye kona palikuwa na sufuria kubwa ya kupikia harusini, imegeuzwa juu chini, juu yake jiwe. Alikuwa ameambiwa na kamati, kama wote, kwamba kikianguka kitu kutoka juu kiwekwe mbali na mifugo. Alikiona siku ile ile, mbuzi wamekizunguka. Akakichukua kama amana, akakifunika; na chuma hakipitishi mawimbi. Asubuhi ile ya Jumapili mjukuu wake aliinua sufuria kuchungulia, akapigwa kofi, ikarudishwa.

Akainua. Visikizio vilikuwa shingoni mwangu, lakini wote tulisikia: pip, pip, pip.

Pua tu. Pua na kipande cha kamba kisichozidi kiganja, mwisho wake umechanika nyuzi nyuzi.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Bomba liko wapi? Parachuti liko wapi? Yako mahali fulani katika pori lile, kimya, kwa sababu niliamua yawe kimya. Mita sabini.

Nilimngoja Tobias aseme. Ningempiga, ningelia, sijui. Akasema, "Pole, Fundi," akamsaidia Kadzo kurudisha sufuria mahali pake.

Hiyo pole imeniuma kuliko tusi.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki nzima tumetafuta kila tulipopata nafasi, Tobias akishuka zamu ya jenereta hotelini anakuja bila kulala. Hakuna cha kusikiliza. Ni macho tu, na macho hayafiki popote kwenye miiba ile. Tumekwenda upande aliosema aliona kitu cha pili. Mimi ndiye niliyesema twende huko. Hakunikumbusha kwamba alikwisha sema.

Kamati inakaa Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda Gazi kwa Twaiba. Nimechukua lile parachuti la pili.

"La nini, kama la kwanza hamjalipata?"

"La kuonyesha."

Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. "Kuonyesha nani?"

Nikalikunja parachuti. Akaendelea kushona, kisha akasema, "Mwezi gani huu, dada?"

Nikaondoka kabla ya futari.

Alhamisi, 13 Machi

Bomba la pili nimelipaka rangi ya la kwanza, nimelikwaruza kwa mawe. Parachuti nimelikokota nyuma ya duka kwenye vumbi na michongoma. Mwisho wa kamba nimeuchana kwa msumari, uzi mmoja mmoja, hadi ukafanana na ule wa puani. Kazi yangu ni safi. Siku zote kazi yangu ni safi.

Najiambia hivi: mifugo ina ekari maelfu za kulisha. Kitambaa ni kimoja, mita moja na nusu. Pengine kimenasa juu ya mgunga ambako hata twiga asingefika. Nimepiga hesabu, na hesabu inasema uwezekano ni mdogo sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevipanga juu ya meza ya Sanga: pua, bomba, kamba, kitambaa. Tobias alikuwa ameshuka zamu, akaja moja kwa moja, hakujua lolote. Nilimwambia njiani kwamba nimevipata Jumatano, peke yangu. Akafurahi. Akapiga usukani wa pikapu kwa kiganja. "Fundi wewe!"

Ndani ya kontena akasogelea meza. Alilitazama bomba, akalipitishia kidole. Ni yeye aliyelishika siku ya kurusha, anajua kila mkwaruzo wake.

Sanga alikunja kitambaa, akakikunjua. Akamwita Kadzo, ambaye kamati ilimwalika kwa sababu ya ile amana. "Mama, hebu nawe shika."

Kadzo akakishika kwa mikono yote miwili, akakipima kama anunuaye leso. "Ndicho," akasema. "Rangi ile ile ya pua."

"Basi malisho yamesafika," akasema Sanga. "Uwanja ni wenu. Mvua ikinyesha tutarudisha ng'ombe." Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu nikiwa na swaumu.

Tobias aliendesha hadi tukapita Kinango. Kisha akasema, bila kunitazama, "Hiyo bomba bado inanuka rangi."

Nikasema, "Nilifanya kwa ajili ya klabu."

"Sawa."

"Ulitaka tupoteze uwanja?"

"Nilitaka tueke mbili," akasema. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho alilitaja. Aliponishusha dukani akaongeza, "Mimi sitarusha tena hapo, Fundi. Sitakusemea mbaya, usiogope. Lakini sitarusha."

Mwaka na nusu nimemwona mtu huyu kuwa ni cheti kinachotembea.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Twaiba ameniletea biriani, akaiweka mezani, akaondoka. Ana wageni, anasema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Duka linavuja pale pale linapovuja kila mwaka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimetengeneza redio tisa. Wenzetu wa klabu wanauliza tutarusha lini. Nimesema ardhi ikikauka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda Taru peke yangu, kwa gari la abiria, bila antena. Nikakaa nimebanwa dirishani nikitazama majani. Yameota kila mahali, mabichi, yanafika gotini. Kitambaa kikiwa chini huko, sasa kimefunikwa kabisa.

Nimetafuta asubuhi nzima nikitumia fimbo. Mchana nimekwenda kwa Kadzo. Nimebisha hodi. Alifurahi mno, akadhani nimekuja kumtembelea, akasonga sima, akamimina mtindi. Anaye ng'ombe mmoja. Amezaa mwezi huu, ndama jike, mwekundu, masikio makubwa.

"Nimempa jina," akasema. "Roketi. Akitoka mlangoni humshiki."

Tukacheka. Kisha nikauliza humpeleka wapi mama wa ndama kulisha.

"Pale, upande wa korongo. Majani ya kule ni mazuri."

Upande ule ndio alioonyesha Tobias.

Nikasema, "Mama, usimpeleke upande ule. Mpeleke kule kwenye reli."

"Kwa nini?"

Alingoja kwa heshima. Ndama alikuwa ananinusa viatu. Nilikuwa na maneno yote, yamepangwa, hata si mengi. Kamba ilikatika. Kitambaa kiko huko. Kile mlichokishika hakikuwa chenyewe.

Nikasema, "Nimeona nyoka."

"Nyoka!" Akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Mtu wa baharini wewe! Nyoka wa huku twajuana. Na kamati ilisema pamesafika."

Nikala sima yake. Nikamshukuru. Nikarudi Ukunda.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepiga tena ile hesabu. Nimeweka eneo, idadi ya mifugo, ukubwa wa kitambaa. Namba imetoka ile ile, ndogo. Lakini ni namba ya ng'ombe yeyote katika pori zima, nami sasa namjua ng'ombe anayelisha pale pale.

Nimechukua simu. Nimeirudisha.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemwota Tobias akihesabu kurudi nyuma na kutofika sifuri. Mchana nimempigia, nikamwambia yote ya Kadzo na ng'ombe wake. Nikasikia jenereta nyuma yake.

"Mwambie," akasema.

"Nikimwambia tunafungiwa."

"Fundi, tulifungiwa kitambo. Mwambie."

Nikasema nitamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 3 Mei

Barabara imekatika Kinango. Magari hayapiti. Ingewezekana kuzunguka kwa Mariakani. Sikuzunguka. Na simu inapita mafuriko yote, hilo nalijua kuliko mtu yeyote, ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 13 Mei

Kadzo amepiga simu. Nilikuwa nimeshika chuma cha moto cha kulehemia nyaya, nikakiweka chini kwanza.

Hakulia. Alizungumza kama mtu anayetoa habari ya jirani. Ng'ombe aliacha kucheua wiki iliyopita. Tumbo likajaa upande wa kushoto. Wakamnywesha mafuta, wakamtembeza usiku, wakamwita daktari wa mifugo akawaambia wamechelewa. Jana alfajiri akafa. Mwinga ndiye aliyempasua, kwa kuwa alishamwona wake. Kitambaa kilikuwa ndani, rangi ya machungwa, kimejiviringa kama nguo iliyokamuliwa, na kamba yake.

"Sasa watu wakaanza maneno," akasema. "Wakasema ni wale wa roketi, ni Mwanasha, twendeni kwa Sanga uwanja ufungwe leo leo. Nikawaambia nyamazeni. Hicho ni cha mwaka jana, kilichobaki cha ng'ombe wa Mwinga. Cha Mwanasha kilirudi, nilikishika kwa mikono yangu hii miwili mbele ya kamati. Msimsingizie mtu aliyekuja kwangu akala sima. Wakanyamaza."

Nilisema, "Mama Kadzo."

"Naam, mwanangu."

Nikasikia mbuzi upande wake, na mtu akimwaga maji.

"Ndama hana cha kunyonya," akasema. "Nimeambiwa huko mjini kuna maziwa ya unga ya ndama. Yapo?"

Nikasema yapo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimezungukia Mariakani. Mfuko wa maziwa nimeubeba mapajani njia nzima. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeyasema maneno kwa sauti nyumbani, nikisimama, kama mwanafunzi.

Sanga alikuwa kwa Kadzo, amekuja kumpa pole. Akanyanyuka kunipisha kiti. Mzee yule hajawahi kunipisha kiti.

"Kaa, binti yangu. Huyu mama amekusemea kwa watu wote. Isingekuwa yeye, uwanja tungeufunga. Kamati imeonelea tuwape na mwaka ujao, kwa uaminifu wenu."

Kadzo alikuwa amechuchumaa, anakoroga yale maziwa kwenye ndoo kwa mkono wake. Ndama alimjia mbio, akajikwaa, akasimama. Kadzo akatumbukiza vidole vyake viwili ndani ya maziwa, akampa avinyonye, taratibu akamshusha kichwa hadi mdomo ukagusa.

Nilifungua kinywa. Sanga aliona nataka kusema, akainamisha sikio. Akangoja.

Nikauliza kama ndama amekubali.

"Amekubali," akasema Kadzo. "Tazama. Anakunywa yote."